Mkono Uliogusa Kete

Mume wa fundi cherehani hakuaga. Alisema "nakuja", kama tunavyosema sote tunapoondoka. Mchana kweupe, katikati ya mchezo wa drafti, aliinuka akamwambia mkewe, "Usiguse kitu, nakuja," akaingia chumbani kujinyoosha. Hakutoka tena kwa miguu yake.

Ubao ulibaki pale pale kwenye meza ya kukatia vitambaa. Kete zao zilikuwa vifungo: vyeusi vya mume, vyeupe vya mke. Mume alikuwa amebakiwa na vitatu, mke viwili. Matanga yalipokwisha na watu kutawanyika, fundi akakuta kifungo cheusi kimesogea.

Alijua si panya. Panya hajui kwenda mshazari.

Akajibu. Ungefanya nini wewe? Tena alifurahi, tusidanganyane. Hamu ilikuwa kubwa kuliko hofu. Lakini tangu hapo, kila asubuhi alikuta mambo yale yale: cheusi kimewekwa mdomoni mwa cheupe, ili cheupe kikila, nacho kiliwe. Kula kwa kula. Na marehemu mwenyewe ndiye aliyemfundisha: "Ukinizidi, tubadilishane upesi, mchezo uishe. Nikikuzidi, kwepa. Nikimbize mpaka nichoke." Nyumbani kwao kula hakukuwa lazima, basi fundi akawa anakwepa.

Haraka hii ya nini? Siku alipokumbuka, nywele zilimsimama. Walikuwa na desturi yao wawili: mshindi hutangulia chumbani. Aliyeshindwa hufunika cherehani, hufunga dirisha, huzima taa, humfuata mwenzake.

Binti yao alipokuja na gari kumchukua mama yake akaishi kwake, fundi hakubisha hata kidogo. Aliona ameokoka. Binti alibeba mabegi huku akimtania, mpaka akafika kwenye meza.

"Mama, bado unacheza peke yako?"

"Sichezi peke yangu."

"Haya bwana. Mbona hii inaliwa hapa? Unamwogopa nani?"

Kabla fundi hajafumbua mdomo, mkono wa binti ulikwisharuka. Akala.

"Rudisha!"

"Thubutu! Mkono uliogusa ndio uliocheza. Si ndivyo baba alivyotufundisha?" Akacheka, akatoka na begi la mwisho.

Fundi alimsindikiza kwa macho hadi mlangoni. Alipogeuka, jibu lilikuwa limeshatolewa. Kifungo cheupe kilichokula kilikuwa kimeliwa. Vilibaki vyeusi viwili, na cheupe kimoja kimebanwa pembeni hakina pa kukimbilia. Chumbani kitanda kikalia, kama mtu anapojisogeza ukutani ili mwenzake apate nafasi.

Huko nje binti akapiga mwayo mrefu.

"Mama, sijui nimekuwaje. Usingizi umenishika ghafla, macho hayafunguki. Nijilaze kidogo humo ndani ndipo tuondoke?"

Mkono uliogusa ndio uliocheza. Fundi akaelewa. Aliyekula hakuwa yeye. Mchezo ulikuwa na mchezaji mpya, naye alikuwa anashindwa.

"Usiingie!" akapiga kelele. "Kaa huko huko, mwanangu!"

Akavuta kiti chake akaketi. Akakitazama kile kifungo cheupe. Alikishona mwenyewe kwenye shati la mumewe wakiwa bado wachumba. Safari hii hakukuwa na kubadilishana. Cheusi kingekula bila kuliwa. Alimkasirikia mumewe, akamwonea huruma, akamtaka, yote kwa pamoja. Kisha akakisukuma kwa kidole chake mwenyewe, taratibu, mpaka mbele ya cheusi.

"Nimegusa mimi," akasema kwa sauti ya kusikika chumbani. "Mtoto hayumo kwenye huu mchezo. Umesikia?"

Akafumba macho. Alipoyafumbua, ubaoni palikuwa na weusi mtupu.

Akaifunika cherehani, akakivuta kitambaa kikakaa sawa. Akafunga dirisha. Kupitia kioo alimwona binti amesimama wima kando ya gari, anajifuta uso, mzima kama jana.

"Mama! Usingizi wenyewe umeshanitoka, hata sielewi," binti akaita. "Twende basi. Unakuja?"

Fundi akaweka kidole kwenye swichi ya taa. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi.

"Nakuja," akaitika.