Maneno ya Kocha Kassimu

Mume wangu Kassimu alikuwa kocha wa timu yetu ya Gitega, na hata kiharusi kilipomvuta mdomo upande mmoja hakuiachia. Toka siku ile akawa anasema "bwa, bwa, bwa," na watu wawili tu tulidai kumwelewa: mi mke wake, na Sefu, msaidizi wake wa miaka kumi na minne. Mmoja wetu alikuwa mwongo.

Mechi ikikaza, Sefu aliinama kwenye kiti cha mzee, akatega sikio, akasimama na uso wa kazi. "Mzee anasema Waziri atoke!" Waziri akatoka bila kinyongo. Kumbe mzee alikuwa anaomba kukojoa. Mi nilicheka ndani ya mtandio mpaka mbavu zikauma. Lakini tulikuwa tunashinda, na kila mwezi Bwana Ramzanali, mwenye duka na mwenye timu, alipeleka gunia la mchele nyumbani kwa kocha. Kwa kocha, si kwa msaidizi. Ungekuwa wewe, ungefungua mdomo?

Mwaka wa themanini na sita tukaenda Muyinga kwa mechi ya mwisho, tukashinda mbili bila. Ramzanali akaja mbele ya kiti, wachezaji wote wanasikia.

"Kassimu ndugu yangu, umechoka. Timu nimpe nani? Ukisema wewe, mi sipingi."

Sefu akainama haraka.

"A-a, Sefu. Hapo we uko na haja yako. Mama Riziki, njoo utusikilizie."

Nikasogea. Mzee akaushika mkono wa Sefu kwa mkono wake ule mzima, akavuta pumzi, akasema: "Mpeni Sefu. Huyu ndiye amenibeba." Nimelala naye miaka thelathini, sikukosa hata neno.

"Anasemaje?"

"Anasema bado hajachoka."

Sefu akaniuliza polepole, "Mama, mi hakunitaja?"

"Amekutaja, baba. Anasema we hodari wa kubeba mipira."

Wachezaji wakacheka, Waziri kuliko wote. Sefu akautoa mkono wake kidole kimoja kimoja, maana mzee aliung'ang'ania, machozi yanamtoka, bwa, bwa, bwa.

"Ni furaha hiyo," nikawaambia.

Mchele ulikuja miezi mitatu zaidi. Kisha Kassimu akafa, na asubuhi ileile Ramzanali, kwa kukosa mwingine, akampa Sefu timu. Sisemi uongo hapa: amekuwa kocha mzuri kuliko marehemu.

Wanaume walipotoka na jeneza, Houssein jirani alikimbia uwanjani kuomba mabega ya wachezaji. Akarudi peke yake. "Sefu anasema wako mazoezini."

Sisi wanawake tuliobaki ndani tukaisikia filimbi.

"Yampayinka!" akamaka Pili kwa Kirundi. "Mzee wa watu alimkosea nini huyu?"

"We lia tu, Pili," nikamwambia.