Tumbo Lililolinda Kijiji

Apollinarie alikuwa akipepeta mchele uani tumbo lake lilipogonga chini ya kitovu, kama mtu aliye mlangoni. Aliweka ungo chini, akaita majirani. Wakabeba masufuria na watoto, wakaingia kwenye mihogo kujificha. Baadaye askari walipita kutoka upande wa Sange, wakachukua mbuzi mmoja, wakaenda zao.

Hivyo ndivyo kijiji kilivyoishi tangu vita virudi mara ya pili. Redio ilichelewa, tumbo halikuchelewa. Watu walilijulia hali kabla ya mwenyewe.

"Tumbo inasema nini, Mama Alliance?" walimuuliza Apollinarie, wakimwita kwa jina la mwanawe.

Mwenyewe naye alikuwa na ya kusema, ila nani amsikilize? Kitenge hakikufungika tena kiunoni, na huku mabega yanakonda. Matonge mawili ya bugali, ameshiba. Kila mara msalani. Nyonga zilimuuma hata siku zisizo na askari. Mumewe Ngendakumana alisema ni kazi ya shamba. Majirani walisema tumbo likijaa ndipo linasikia mbali. Apollinarie aliogopa, na woga wake ulimkasirisha.

Akaenda kwenye zahanati bila kuaga. Muuguzi Gédéon alimlaza, akambonyeza, akauliza tumbo linamwambia nini. Kwa mazoea tu, Apollinarie akajibu kwamba askari wametoka Kiringye. Gédéon alifunga mlango, akakimbia, na hakukosea, maana askari walifika kweli.

Amani iliporudi kidogo, Apollinarie akarudi. Safari hii Gédéon aliuliza vingine.

"Mama, ya askari tuyaache. Weye mwenyewe, uko unasikia nini?"

Akalia kwanza, kwa kuwa swali hilo hakuwa ameulizwa na mtu. Kisha akamweleza yote: kujaa, kushiba upesi, mkojo, maumivu, na damu iliyorudi miaka mingi baada ya hedhi kukoma.

"Inaweza kuwa kansa ya ovari, pale mayai ya mwanamke yanakaa," Gédéon alisema. "Inaanza polepole hivi, watu wanasema ni gesi ao minyoo. Enda Uvira kesho, ku hospitali, kwa monganga wa kupasua. Usingoje."

Kesho yake kijiji kizima kilikuwa barabarani kabla ya kamioneti, gari la kwenda Uvira, kufika. Walimsalimia vizuri. Chifu Basile alishusha kifurushi cha Apollinarie, akampa Ngendakumana akishike. Ngendakumana akakishika.

"Mama, ukienda, sisi tutalindwa na nini?" Basile aliuliza.

"Na miye, nani atanilinda?"

Basile alisema watamwombea kanisani, na wanawake watampikia uji wa mchele kila asubuhi. Dereva alipiga honi, akangoja, akaondoka.

Vumbi halijatua, tumbo likagonga kwa nguvu kuliko siku zote. Basile aliwaambia wenzake, "Mnaona?" na hakuna aliyembishia. Wanaume walimwinua Apollinarie kwa upole, wakambeba hadi katikati ya mihogo, wakamtandikia kitenge kikavu. Maumivu yalimzidi, akapiga kelele.

Wakamwomba apunguze sauti, askari wasije wakasikia.