Wakoloni Walipigana na Nani

Nilifundisha historia miaka kumi na mmoja katika sekondari moja kule Tarime kabla sijaja Columbus, huku Marekani, kwa hiyo sipendi kusahihishwa. Nasema mapema tusije tukazungukana. Hapa mtaani Linden kazi yangu ni kuogesha wazee wa watu, lakini Waswahili wenzangu bado wananiita Mwalimu, nami naliitikia jina hilo upesi kuliko langu mwenyewe, Editha.

Kila Jumamosi saa nne asubuhi tulikutana kwenye simu watu watatu: mimi, Chimène aliyeko Louisville, na Byamungu aliyeko Buffalo, mtaa wa Kensington-Bailey, mpakiaji mizigo ghalani. Wote wawili ni Wakongo wa Kivu, na Kiswahili chao kimechanganyika na Kifaransa. Tulikuwa tukidurusu historia ya Marekani kwa ajili ya mtihani wa uraia. Mtihani wenyewe ni wa mdomo, tena kwa Kiingereza, lakini mtu hawezi kushika asichokielewa. Kwa hiyo nilikuwa nimewatafsiria maswali yote kwa Kiswahili, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni, nikawatumia picha.

Byamungu alikuwa ameshafeli mara moja, tena kwa kupungukiwa jibu moja tu. Jumanne ilikuwa nafasi yake ya pili na ya mwisho; akifeli, ombi linakufa na anaanza upya. Wala hakuutaka uraia kwa ajili ya bendera. Mama yake yuko kambini Uganda, na mwenye ruhusa ya kumwombea mzazi aje ni raia peke yake.

Jumamosi ya mwisho kabla ya mtihani wa Byamungu, Chimène ndiye aliyeanza. Ni binti mdadisi, wakati mwingine hadi anakera.

"Mwalimu, pardon. Hapa umeandika: Kwa nini wakoloni walipigana na Waingereza? Bon, wakoloni si njo Waingereza benyewe?"

"Soma kama lilivyo," nilimkata kauli.

"Ni ile swali," alisema Byamungu. "Njo ile iliniangusha."

Hakuwahi kutueleza alivyofeli. Nilimwuliza alijibu nini, akasema afisa wa mtihani alimtajia hao "colonists", naye akalitambua neno: wakoloni wa kwenye picha zangu. Akamwambia kwa Kiingereza chake kwamba haiwezekani: mkoloni hapigani na Mwingereza, mkoloni ndiye Mwingereza, na wanaopigana ni wenye nchi. Afisa akatikisa kichwa, akaendelea. Byamungu akabaki amekwama palepale, na maswali mawili yaliyofuata yakampita bila kuyasikia vizuri.

"Kwetu bakoloni ni bale balipiga babu yangu fimbo," alisema. "Ginsi gani mwenye fimbo anaomba uhuru?"

Nililiona kosa langu. Neno lilikuwepo: walowezi. Nimelifundisha mwaka baada ya mwaka, walowezi wa Kenya, walowezi wa Rhodesia, na ole wake mwanafunzi aliyelichanganya na jingine. Siku ya kutafsiri nilikuwa nimetoka kazini nimechoka, mkono ukaandika lililokuwa karibu.

"Futeni, andikeni walowezi," nilisema kwa sauti ya darasani, nikitaka tusonge mbele.

"Walowezi ni nini?" waliuliza kwa pamoja.

"Watu waliotoka kwao wakaja kukaa nchi ya wengine, wakazaa hapo, mwisho wakasema hapa ni kwetu. Ndio waliomkatalia mfalme wa Uingereza kodi zake."

Byamungu alifikiri. "Donc, ni kama sisi."

"Sisi hatukuja na bunduki," alisema Chimène.

"Tuliikimbia. Na benye balikuwa hapa mbele?"

"Wenyeji wa kwanza wana maswali yao kwenye orodha," nilijibu. "Mawili hivi."

"Mawili tu?"

Byamungu akacheka kidogo, kisha akasema kwamba mama yake humwuliza kila anapopiga simu kwa nini hakufaulu. "Namwambia, mama, kichwa yangu ilikufia ku vita. Haishike tena kitu."

Alilisema hilo bila kulalamika, kama mtu anayetaja saa. Hapo ndipo nilipojionea aibu kwelikweli.

"Baba Aksanti," nilimwita Byamungu kwa jina la mtoto wake, "si kichwa chako. Ni mimi. Neno sahihi nilikuwa nalijua, nikaandika jingine."

Chimène alizima feni iliyokuwa ikivuma kwenye simu yake, asikie vizuri.

"Donc, siko mjinga," alisema Byamungu.

"Hapana."

"Miezi mbili, Mwalimu!" Sijawahi kumsikia akipaza sauti. "Miezi mbili najitukana!"

Nilimwomba radhi. Hakuipokea wala hakuikataa.

"Mwambie mama," alisema. "Miye hatanisadiki. Utamwambia wewe."

Akamwunganisha. Nilimwamkia shikamoo, naye, kwa kuwa si salamu yao, akanijibu "jambo, binti yangu." Nikamweleza yote: swali, neno, mkono wangu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ile neno moja tu?"

"Moja tu, Mama."

"Asante kunambia," alisema, kisha akamwita mwanawe kwa jina la utotoni. Mimi na Chimène tukakata simu zetu tuwaache.

Jumanne saa saba mchana nilikuwa nakunja mashuka ya wazee simu ilipolia. Namba ya Uganda.

"Amepita!" alisema yule mama. "Nilisema nikupigie miye mwenyewe."

Nilikaa juu ya mashuka, nikalia kwa furaha bila kujali nani ananiona. Alinisubiri ninyamaze.

"Mwalimu, weye unajua mambo ya huko. Sasa nitangoja siku ngapi?"

Nilijua jibu ambalo lingemfurahisha. Ningetaja miezi, hata kwa kukisia, angeihesabu vidoleni na kuwatangazia majirani. Lakini fomu ina foleni yake, na sheria za huku hubadilika kabla wino haujakauka. Mama huyu ana zaidi ya miaka sabini.

"Sijui, Mama," nilisema.

"Bon," alisema. "Afazali unasema haujui."