Daftari la Usingizi

…na mbona wamenyamaza ghafla hivi, wasaidizi wapya wote wanne, magoti yamewafika kidevuni kwenye vile viti vya plastiki vya watoto, hasa yule bwana mkubwa ambaye moyoni nimeshampa jina la Jitu, kiti kimemezwa kabisa chini yake, na dakika tano tu zilizopita nilikuwa nawachekesha, niliwaambia kazi hii mtu huanza kujifunza unyenyekevu kwa makalio, wakacheka, hata Mkuu wa kituo pale mlangoni alichekea ndani ya kikombe chake cha chai, na sasa hakuna anayecheka, kwa sababu yule binti mwenye daftari, yule ambaye tangu asubuhi anaandika kila kitu, nikikohoa anaandika, amenyoosha mkono na kuuliza kwa adabu zote, "Samahani mwalimu, kama msaidizi kazi yake ni kuandika, siku ile aliyehesabu alikuwa nani?"… aliyehesabu alikuwa nani, maneno matatu, na miaka miwili mizima hakuna mtu aliyeyatamka mbele yangu, si Mkuu, si kamati ya wazazi, si mama wa mtoto mwenyewe, anakuja binti wa leo, hata mahali pa kuweka mkoba wake hajaonyeshwa, anayatamka kabla ya saa nne, na kalamu yake imesimama juu ya karatasi, inaningoja.

Nami ndiye niliyemfungulia mlango, siwezi kumlaumu, nimewaeleza kwa mdomo wangu mwenyewe jinsi tunavyolaza watoto mchana, watoto kumi na tisa, magodoro kumi na tisa, mwalimu anahesabu, anataja idadi kwa sauti, anamalizia kwa neno moja, wametimia, na msaidizi akilisikia neno hilo anaandika kwenye daftari la usingizi, hili hapa linaloning'inia kwa kamba mlangoni, anatia sahihi, ndipo tunafunga mapazia, na nikawaambia pia kwamba hatuhesabu kwa macho, tunavua viatu, tunaingia, tunapita godoro kwa godoro na kugusa kila kichwa, usikie joto lake, nikasema, na Jitu akaitikia kwa heshima kubwa ingawa soksi yake imetoboka na kidole gumba kinatuchungulia, nikasema katika hili hakuna njia ya mkato, na laiti Mkuu angeniachia hapo, lakini akaona anisaidie, akasema kanuni ya kugusa nimeitunga mimi, ni busara yangu, niliileta mwaka juzi baada ya msaidizi mmoja kuzembea mtoto akatoka hadi barabarani, na msaidizi huyo hayuko nasi tena, akasema hivyo na kuipuliza chai yake, na binti akaandika, akasoma alichoandika, akakunja uso, akarudi ukurasa wa nyuma, nikaiona akili yake inavyounganisha, mwalimu husema, msaidizi huandika, sasa inakuwaje mzembe awe yule anayeandika… ana akili huyu, na Jumatatu ndiye atakayekuwa msaidizi wangu, Mkuu ameshampanga kwangu, amesema nitamnoa.

Naweza kukwepa, kukwepa nakujua, mwalimu wa watoto wa miaka mitatu asiyejua kukwepa swali hamalizi wiki, naweza kusema swali zuri sana, tutalirudia baada ya mapumziko, naweza kuitazama saa ya ukutani na kushtuka, naweza kusema siku ile palikuwa na vurugu, watu wengi, si rahisi kukumbuka nani alifanya nini… uongo, nakumbuka mpaka viatu nilivyovaa, tena viatu ndivyo vyenyewe, sandali mpya zenye ukanda mgumu kifundoni, kuufungua lazima uiname na kupambana nao, na mgongo ulikuwa unaniuma, na nilikuwa na miaka kumi na miwili kazini, nikijigamba kwa wasaidizi kwamba nina jicho la mfuga kuku, nachungulia bandani mara moja nawajua wote, basi sikuvua, nilisimama palepale aliposimama Mkuu sasa, kizingitini, nikahesabu kwa kidevu, kumi na saba, kumi na nane, na pale chini ya dirisha kumi na tisa, blanketi la bluu limevimba vizuri na kofia ya sufu juu yake, wametimia, nikasema, na Kicheko akaniuliza kwa sauti ya chini ili asiniaibishe, dada, Mkaguzi umemwona? na mimi nikamwambia, andika. Akaandika. Kicheko ndiye aliyekuwa msaidizi wangu, jina hilo alipewa na watoto kwa sababu ya meno yake yasiyojua kujificha, mimi ndiye niliyemtafutia kazi hii, mimi ndiye niliyemfundisha kufuta pua ishirini bila kuchanganya vitambaa, akaniita dada tangu siku ya kwanza na sikumkataza, nililipenda, na Mkaguzi alikuwa mtoto wa miaka mitatu na nusu, anatembea mikono nyuma kama mtu aliyetumwa na wizara, anapita mezani anaangalia nani amekula nani hajala, anaguna, anaendelea, tukicheka anatukazia macho… na mchana ule usingizi haukumtaka, akainuka, akaliacha blanketi lake na mto ndani yake, akaiacha kofia, akapita jikoni wakati maziwa yanashushwa na geti liko wazi, akaenda kukagua dunia.

Mkuu amekohoa, kikohozi kifupi, nakijua, maana yake endelea, jibu upite, chai inapoa, na huko uwanjani darasa la wakubwa wanaimba wimbo wa kunawa mikono, wanaukosea mahali palepale siku zote, na binti bado hajaishusha kalamu, ananitazama bila ubaya wowote, hilo ndilo linalonimaliza, angekuwa na ubaya ningemjibu kwa ukali nikapona, kama vile yule mama wa Mkaguzi, kama angenipigia kelele ningepona, lakini hakupiga, alikuja mapema kwa sababu ya miadi ya kliniki, nikamnong'oneza taratibu mama, usimwamshe ghafla, nikamwonyesha kwa kidole, yule kule dirishani, nikabaki kizingitini na sandali zangu, yeye akavua viatu, yeye aliyekuwa na haraka, akaenda kwa ncha za vidole akitabasamu, akainama, akalifunua blanketi, akauona mto, akalinyanyua blanketi lote akalikung'uta, kana kwamba mtoto angedondoka, akanigeukia akiwa bado amelishika, na uso ule… dakika arobaini, watu mtaa mzima, mimi nakimbia na sandali zile zile zinanikata kifundo, na tulimkuta njia panda kwa fundi wa pancha, amesimama mikono nyuma anakagua jinsi tyubu inavyotoa mapovu ndani ya beseni la maji, mzima, hana hata mkwaruzo, na malori yanapita hatua tatu nyuma ya visigino vyake, fundi akasema, huyu mzee amekuja kusimamia kazi, akacheka, hakuna aliyecheka naye, mama akaketi chini kwenye vumbi na nguo zake za kliniki.

Halafu kikao, meza ndefu, daftari la usingizi katikati ya meza, na swali lilikuwa moja tu, sahihi hii ni ya nani, maana karatasi huulizwa inachojua, na karatasi haikujua sauti ya mtu, Kicheko akasema yangu, akanigeukia, hakusema zaidi, akaningoja, kama huyu anavyoningoja sasa, alidhani ni heshima kuniachia niseme mwenyewe, mdogo mtu hamsemei dada yake mbele za watu, na mimi niliangalia kucha zangu, naapa niliziangalia moja moja, na ilipofika ya kumi kikao kilikuwa kimeshamaliza naye. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa, wangu uliponza kichwa cha mwenzangu, nikabaki na changu, kikapandishwa cheo. Nikaja na kanuni ya kugusa, ndiyo, nikavua viatu tangu siku ile hadi leo, nikagusa vichwa mpaka watoto wakauzoea mkono wangu usingizini, nikadhani ndiyo toba yenyewe, kumbe toba gani hiyo unayopigiwa makofi kila mwaka… na vituo vyote vya hapa jirani vilimkataa Kicheko, habari husafiri haraka kuliko mtu, ndiye huyo aliyepoteza mtoto, na mwezi uliopita nilipeleka mapazia haya haya kwa dobi, nikayaweka juu ya kaunta, na aliyekuja kuyapokea alikuwa yeye, mikono imebabuka kwa sabuni, aliyatambua mapazia kabla hajanitambua mimi, akapitisha kidole mahali watoto walipochora kwa kalamu za rangi, akasema hapa patahitaji kulowekwa, kisha akaniuliza, watoto hawajambo, dada? Dada. Nikasema hawajambo. Nilitembea hadi nyumbani nikiwa nimesahau risiti, nikamwambia mume wangu yote, kwa mara ya kwanza, naye akakoroga uji wa mtoto wetu akasema yaliyopita si ndwele, mke wangu, tugange yajayo, nikalikumbatia neno hilo, nikalalia, nikaamkia.

Lakini yajayo si ndiyo haya, yamekaa mbele yangu kwenye kiti cha plastiki cha kijani, yana daftari jipya na kalamu ya wino mweusi, Jumatatu saa saba mchana nitasimama nihesabu na yeye atasimama nyuma yangu, nitasema wametimia na ataandika, ataandika kwa sababu mimi ni mwalimu, kwa sababu mimi ndiye mwenye kanuni, kwa sababu nina miaka kumi na minne kazini na yeye ana siku moja, na siku akiwa na shaka ataninong'oneza, na mimi nitamjibu nini… najua nitakachomjibu, andika, viatu nimevua lakini kinywa ni kilekile, leo nikimwambia simkumbuki aliyehesabu atakiandika hicho, kwa mwandiko wake mzuri, na litakuwa somo lake la kwanza kutoka kwangu, kwamba katika kituo hiki ukubwa ni kusema na udogo ni kutia sahihi, na hakuna kichwa nitakachomgusisha kitakachomfutia somo hilo. Na nikisema kweli… Mkuu ataweka kikombe chini, ataniita ofisini, pengine Jumatatu nami nitakuwa naulizia kazi kwa dobi, mama mkwe atajua, kamati itajua, yule mama atajua kwamba aliyemwonyesha blanketi kwa kidole ndiye aliyekuwa ameshalihesabu, naogopa, tusidanganyane, mikono nimeibana nyuma ya mgongo, na Mkuu anasema, kwa upole, "Mwalimu, si lazima tuingie huko," ananitupia kamba, anadhani nazama kwa huzuni, maskini, ni mtu mwema, na kamba yenyewe iko karibu, ni kuidaka tu, ni kucheka kidogo na kusema haya, tuendelee na ratiba ya choo, na Jitu ameshaanza kupumua, na binti ameanza kuinamisha kichwa, anajiona amekosa, atapiga juu ya swali lake mstari mmoja wa kulifuta, nauona wino unavyogusa karatasi, hajakosa, hajakosa hata kidogo, na nikimwacha alifute swali hilo hataniuliza tena, si kesho, si Jumatatu, si siku blanketi litakapovimba tena.

"Usifute," nikamwambia. "Weka kalamu chini, mdogo wangu, hili nataka ulisikie kwanza." Akaiweka, na sauti yangu niliyoitegemea itetemeke haikutetemeka, ilitoka ya kawaida kabisa, ile ninayotumia kutaja idadi. "Aliyehesabu ni mimi. Nilihesabu blanketi, na yeye akaandika nilichomwambia."