Majina ya Nzabandora

...na wa kwanza kuisimulia hadithi hii ya baba alikuwa mama yake Blandine, Libérata, mwaka 2001, siku ile ile walipomzika baba pale Lushebere, na hakuisimulia ili watu walie, alikuwa amekasirika, na hasira ile Blandine anaisikia tena leo kifuani, hapa Mweso, katika salle, ukumbi wa parokia, mbele ya meza yenye chupa za Fanta ambazo hakuna aliyezifungua, kwa sababu Mama Colette wa chuo kikuu amemuuliza swali na sasa anangoja, uso wake mwema kabisa... "Uko wa kabila gani, mutoto? Usiogope, tunauliza juu ya kusaidia"... nafasi ya kusomeshwa iliyobaki ni moja, chumba Goma na masomo ya juu hadi mwisho, kwa wanafunzi wa jamii zilizosahauliwa chuoni, na akiikosa atarudi kambini kwa wakimbizi na udongo wake wa milimani, ule aliouchota mwenyewe kwenye mashamba yaliyokimbiwa, umefungwa vizuri kwenye vifuko, umechunguzwa nusu, na nani mwingine atasema kwa nini viazi vinakataa kuota kule... "Papa alikuwa Muhutu, mama ni Muhunde, si njo hivyo?" anasema Mama Colette kwa sauti ya chini, "basi sema ya mama, njo yenye tunatafuta, inatosha"... inatosha, neno gani hilo, hata Evode, mwenzake wa darasa, alilicheka nje kwenye benchi, "Dada, mule ndani kabila ni kama kiatu, unavaa yenye inakutosha, ukitoka unavua," na wote wakacheka, na yeye akacheka, Mungu amsamehe, maana baba alivaa kiatu hicho mwaka 1993, kwenye bariyeri, kizuizi cha njiani cha vijana wenye mapanga waliowasaka Wahutu, Blandine mgongoni kwa mama, wakamuuliza baba yeye ni nani, na kwao mtu akiulizwa hivyo hutaja baba yake, na baba wa baba, hadi kwa yule aliyefyeka kilima cha kwanza, naye baba, Nzabandora, akafungua kinywa akataja baba za mkewe, mmoja mmoja, bila kukosea, wakampisha... walipona, ndiyo, nani amlaumu, lakini tangu siku hiyo hakuwataja tena wa kwake, hata nyumbani, hata mlango ukiwa umefungwa, na alipokufa, kabla udongo haujashuka, ilipasa mwanamume wa ukoo awaite baba zake waje kumpokea, na kaka wa marehemu, Jean-Bosco, akatazama miguu yake, na baba wadogo wakatazama miguu yao, kambi nzima inasikiliza, nani anajua nani yuko nyuma ya hema... ndipo mama akasimama, mwanamke, Muhunde, jambo ambalo halijawahi kufanywa, akawaita baba za Nzabandora kwa sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, kisha akamgeukia binti yake, "Shika haya, walikata baba yako katikati, wewe usikubali"... "Mademoiselle," Papa Séraphin, mwenzake Mama Colette pale mezani, anagonga meza kwa kidole, "bantu banangoya inje, swali iko moja, hata mutoto wa primaire anajibu"... moja, ndiyo, ni lile lile moja, lile la panga na hili la Fanta, na ajabu ni kwamba hili la wema ndilo karibu limkate, asubuhi yote amelifanyia mazoezi jibu fupi, Muhunde, Muhunde, njia nzima kwenye matope, naye si nusu ya mtu, waliosahauliwa ni pamoja na baba, ataanza na baba za baba, atashuka, atapanda kwa baba za mama, polepole, wote wasikilize, halafu atafungua vifuko na kuwaonyesha udongo, wakitaka kumnyima wamnyime mtu mzima... Mama Colette bado anangoja, Fanta bado zimefungwa, na Blandine anavuta pumzi... Nzabandora hayupo, Jean-Bosco hayupo, alipigwa risasi njia ya Walikale, baba wadogo nao wamekwisha, walio hai ni Libérata, anayelima mihogo Kibua na bado anasema kwa sauti ya ng'ambo ya bonde, na binti yake, na wote wawili wanayajua majina.