Mtaalamu wa Kuunga Vilivyokatika

Jumanne asubuhi, Mama Zilpah aliketi kwenye kigoda nje ya jikoni, taulo mabegani, povu la sabuni likimtiririka shingoni. Mumewe alizikwa Jumamosi, na hii ilikuwa siku ya kunyoa. Huko Kabras, mtu akishazikwa wafiwa hunyolewa nywele, ndipo wazee wagawe shamba lake. Bila kunyoa hakuna kugawa. Mjane wa jirani akapitisha wembe. Nywele zikaanguka chini, zikalala kidogo, kisha zikainuka na kurudi kichwani, kila unywele mahali pake.

"Nani amekaa hapo karibu?" aliuliza Cleophas, ndugu wa marehemu.

"Ni Navalayo," mjane akajibu.

"Ndio maana."

Navalayo alikuwa binti wa marehemu na daktari, ingawa si wa kutibu watu. Alisomea DNA, ule uzi mwembamba uliomo ndani ya kila chembe ya mwili. Uzi wa chembe moja ya mtu ukinyooshwa humpita mwenyewe kwa urefu, lakini umezungushwa kwenye vijibonge vya protini mpaka ukaenea mahali padogo kuliko punje ya vumbi. Ukikatika, vijibonge hulegea ili mafundi wa ndani wapite wauunge. Huko Uswidi, Navalayo aliikata DNA ya hamira kwa eksirei, akatazama inavyoungwa, akaandika juu ya kule kulegea mpaka akawa mtu wa kualikwa mikutanoni. Nyumbani walisema amesomea pombe ya busaa miaka yote hiyo, na hata hainywangi.

Mwaka 1993 kazi ilimwingia mwilini. Popote alipokaa, kilichokatika kiliungana. Wenzake wa maabara walimwomba kwa adabu awe anakwenda choo cha jengo la pili, kwa sababu karatasi za cha kwao zilikuwa hazichaniki tena.

"Daktari, sogea basi," alisema Protus, kaka yake mkubwa. "Tunataka kugawa shamba kabla ya mvua."

"Nitasogea, Baba Mdogo akishataja sehemu yangu ya kule mtoni."

Marehemu alikuwa amemwonyesha sehemu hiyo mbele ya wote, akasema, "Hapa utajenga ukichoka na wazungu." Wote walisikia, na wote walisahau Jumamosi, kaburi lilipofunikwa.

"Mukhana wangu, wewe ni msichana, utaolewa," alisema Cleophas.

"Nina miaka thelathini na nane."

"Kwani kuna mtu amekukataza?"

Watu wakacheka. Mjane akanyoa tena, nywele zikarudi tena. Cleophas aliona ni vizuri kumheshimu msomi, akamuuliza huo uzi hasa unaungwaje.

"Kabla chembe haijagawanyika, uzi unakuwa na nakala yake. Tunaiitanga dada. Mmoja ukikatika, mafundi wanamwangalia dada yake, wananakili kwake, unapona."

"Na dada anapewa nini?"

Navalayo alifikiri. Alikuwa mtu mkweli. "Hakuna. Anabaki tu alivyo."

"Basi hata hamira inajua mila," alisema Cleophas, na wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika na sayansi.

Navalayo hakuondoka. Jua likapanda. Wembe ukabadilishwa. Protus alijaribu kutumia panga la miwa, mama yake akamtazama, akalirudisha. Wakati huo povu lilikuwa limemkauka Mama Zilpah na upepo ulikuwa ukimpiga kichwa chenye maji. Akaanza kutetemeka.

"Mama Daktari," alimwambia binti yake polepole, "baridi imeniingia. Toka kidogo tu."

Wengine wote Navalayo angewashinda, ila si mama yake. Akainuka, akatoka langoni, akakaa barabarani kwenye jiwe. Ndani, nywele zikaanguka na zikakaa chini. Cleophas akasimama mara moja, akalitaja shamba lote kwa sentensi mbili: sehemu ya juu ni ya Titus, mdogo wake Protus. Ya chini ni ya Protus, pamoja na mtoni.

Lango lilikuwa mwanya tu ambao marehemu aliukata kwenye ua wa miti ya manyara. Sasa Navalayo alikuwa amekaa karibu nao. Matawi yakakumbuka yalipokatwa, yakanyooshana, yakashikana. Kufikia saa ya chakula hapakuwa na lango.

"Si neno," alisema Cleophas. "Tutakata lingine kwa upande wa Titus."

Baadaye mkono wa Mama Zilpah ulipita juu ya ua na sahani: ugali wa obusuma, shingo na bawa la kuku.

"Na mtoni, Mama?"

"Amepewa Protus."

"Firigisi je?"

"Hiyo pia."

Navalayo akapokea sahani. Ilibidi ale upesi, kwa sababu shingo na bawa tayari vilikuwa vimeanza kutafutana.