Mkanda wa Milimita Saba

Saa nne na robo asubuhi dereva wa tingatinga aliingia chumba cha ndege cha makumbusho, kofia yake ya kazi mikononi, imefunikwa kwa leso. Mtunza ndege, dada wa mkewe, alimpisha mezani.

"Shemeji, huyu amekalia kiti changu cha tingatinga tangu saa moja. Hakushuka mpaka nilipomweka humu," alisema dereva.

Ndani ya kofia mlikuwa na chozi dume, ndege mdogo anyonyaye maua, mzima, mwepesi kama bahasha tupu.

"Wa kinamasini?"

"Wa kinamasini. Kesho tunaanza kufukia."

Mtunza ndege alimshika shingo katikati ya vidole viwili, akapuliza manyoya ya kifua yaachane. Chozi wa kawaida ana mkanda mwekundu wa milimita nne na vishungi vya njano kwapani. Huyu mkanda wake ulikuwa saba, vishungi rangi ya chungwa. Nususpishi hiyo, aina ndogo ya chozi wa mkanda mpana, ilikuwa imebaki vielelezo kumi na kimoja tu, vyote vikavu, vyote kwenye droo moja mbele yake. Na sheria ilisema wazi: akipatikana mmoja aliye hai, makazi yake hayaguswi.

Akavuta droo ili alinganishe. Wale kumi na mmoja, waliojazwa pamba tangu enzi za babu yake, waligeuza vichwa mmoja mmoja kumtazama mgeni. Wa mwisho alichelewa, kwa kuwa shingo yake ilishonwa vibaya.

"Wanamjua," alisema dereva.

"Ukoo mmoja," alijibu shemejiye, akaandika vipimo.

Mkurugenzi wa makumbusho aliisoma ripoti akiwa wima. "Mama, huyu ni wa kawaida."

"Mkanda ni milimita saba, mzee. Na wa drooni wamegeuka."

"Wa drooni ni mali ya makumbusho. Hawapigi kura." Akakata saba, akaandika nne, akagonga muhuri. "Mfikirie na shemeji yako. Kibarua kikiota nyasi, dada yako atakula vipimo?"

Mchana huohuo mtunza ndege alipeleka nakala ya kweli kwa mkono hadi ofisi ya mazingira. Ilirudi kabla ya saa kumi, imeandikwa nne.

"Nisipowasha tingatinga mimi, atawasha mwingine," alisema dereva alipoiona, macho chini.

Asubuhi iliyofuata, mngurumo wa tingatinga ulipoanza, chozi wa kinamasini waliingia kupitia dirishani, miguu ina tope. Walipanga foleni ukingoni mwa meza, kisha kila mmoja akalala chali, akakunja mbawa, akafumba macho. Mtunza ndege aliweka kidole kwenye kila kifua mpaka kilipotulia. Halafu alipima, akafunga lebo mguuni. Saba. Saba. Saba.

Mkurugenzi alichungulia mlangoni. "Andika wa kawaida," alisema, akaenda zake.

Adhuhuri simu iliita.

"Shemeji, upande wa kusini tumemaliza," alisema dereva. "Wamefika?"

"Thelathini na wanne."

Nyuma ya dereva injini ilikuwa bado inanguruma.

"Basi usifunge dirisha," akasema. "Sasa tunahamia kaskazini."